Mzee Aliyepima Kuku kwa Kiganja

Jumapili iliyopita, baada ya tangazo la ndoa na tangazo la kufagia uwanja wa kanisa, tuliambiwa kuwa mzee mmoja wa mtaa wetu wa Ngokolo, hapa Shinyanga, amefariki. Amekufa kitandani kwake, asubuhi, akiwa ametoka kunywa uji na kulalamika kuwa haukutiwa sukari ya kutosha. Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Tulikuwa watu wa kusalimiana njiani na kukaa benchi moja ibadani. Sidhani kama yupo mwingine atakayemwandika gazetini, nami namwandika kwa sababu ya kuku.

Ujana wake wote, na sehemu kubwa ya uzee, aliutumia machimboni: Mwakitolyo kwanza, kisha Geita, kisha Mwakitolyo tena. Mkewe, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mapacha, kila aliposikia kuwa mahali fulani duara, yaani shimo la dhahabu, limetitia na kufukia wachimbaji, alikaa na simu mkononi mpaka aisikie sauti ya mumewe. Hatimaye mzee akarudi nyumbani akikohoa, akaahidi kupumzika. Lakini aliyezoea kuchimba hawezi kukaa tu barazani akihesabu wapita njia. Akanunua vifaranga vya kienyeji, kundi lake la kwanza maishani, akajiwekea sharti mbele ya mkewe: "Mvua zikianza bila yai la kuku wangu kuonekana mezani hapa, narudi kwenye duara. Mimi si mtu wa kulishwa." Mama Mapacha akanijia, kwa kuwa nilikuwa katekista, mwalimu wa dini kanisani, akaniomba tumwombee mumewe asirudi shimoni. Nimeombea mvua, mitihani na wagonjwa wa kila aina. Sikuwahi kuombea yai la kuku ambaye mwenyewe bado ni kifaranga. Nilipiga magoti, nikamwachia Mungu atafute maneno.

Vifaranga wakakua mpaka banda likawa dogo, ikabidi apunguze: majogoo watoke, matetea wabaki. Waliowahi kufuga wanajua ugumu wa kazi hiyo, maana katika umri ule jike na dume wanakuchanganya kweli. Kina mama wa jirani walimshauri asubiri kidogo. Wakamwambia atazame upanga wa kichwani, kwamba wa dume huwahi kukua na kuwa mwekundu, na manyoya ya mgongoni karibu na mkia, kwamba ya dume huchongoka na ya jike hubaki ya mviringo. Mzee akacheka. Akakaa kwenye kigoda, akawashika mmoja mmoja, akampakata kila kuku kiganjani, akampandisha na kumshusha huku amefumba macho, kama mchimbaji anavyolipima jiwe kabla ya kulipeleka kwenye karasha likasagwe.

"Mwalimu," akaniambia, "jiwe lenye kitu halikosi uzito. Kuku atakayebeba mayai lazima awe mzito."

"Na jogoo je?"

"Jogoo ana nini ndani? Kelele tu. Kelele haina kilo."

Maandiko niliyosomea hayakuligusa jambo hilo. Kumbe katika kuku wachanga madume ndio huwahi kuwa wazito. Mzee akawabakiza wazito wote, wepesi akawagawa kwa moyo mkunjufu. Wanakwaya wakapata, majirani wakapata, na mimi nikapewa mmoja mwekundu, mwembamba kama fagio. "Mkamkaange na mkeo," alisema. Wengine walikaanga siku ileile. Mke wangu alimtazama wetu, akasema kuku yule atamaliza mafuta yetu bure, tumlishe kwanza.

Wiki zikapita. Asubuhi moja banda la mzee likawika. Akafurahi, akasema kila kundi lina jogoo wake. Kesho yake wakawika wawili. Kabla mwezi haujaandama, banda zima lilikuwa linawika kwa kupokezana, na jirani yetu Mwislamu akasimama uani kwake na kanzu yake, akaita juu ya ukuta: "Mzee, kule msikitini mwadhini ni mmoja na anatutosha. Hawa wako wanaita watu wa wapi?"

Mzee hakucheka. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, naye alikuwa ameanika buti zake na tochi ya kichwani juani. Mama Mapacha alizipita buti zile kama anayepita karibu na nyoka.

Ndipo mke wangu akatoka stoo akicheka, ameshika yai. "Pora lako limetaga kwenye kapu la mahindi." Sikumaliza hata chai. Nikambana kuku kwapani, yai nikalitia mfukoni kwa uangalifu, nikaenda.

"Mwangaluka, Mwalimu," mzee alinisalimu kwa Kisukuma, macho yake yakiwa kwa kuku.

Nikaliweka yai mezani, nikaeleza. Mama Mapacha alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alitazama yai, akatazama majogoo wake wanaotamba uani. "Kumbe dhahabu niliigawa kwa mikono yangu," akasema, "nikabaki na kifusi."

"Ulisema yai la kuku wako lionekane mezani," mkewe akamwambia, akiwa bado chini. "Hilo hapo."

"Kuku ni wa Mwalimu. Nilishampa."

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema kuku amerudi kwa aliyemlea, na yai limekuja naye, kama mwanamke anavyorudi kwao na mtoto mgongoni. Mama Mapacha hakusubiri hukumu ya mzee. Akawasha jiko, akalikaanga yai, akaliweka mbele ya mumewe na kusimama hapo mpaka alipolimaliza. Jioni mvua ilinyesha. Buti akapewa kijana anayelisha nguruwe wa jirani mwingine, azivae bandani.

Tangu hapo mzee alibadilika. Watu wakimletea vifaranga awachambue, alikuwa akiwatazama kwa makini, kisha anasema, "Sijui bado. Walete upanga ukishaota." Sisi wa ukanda huu wa dhahabu tunapenda kupima mapema. Mtoto hajamaliza darasa la nne, tumeshasema huyu ana kitu na yule hana. Binti mkimya tunamwona mwepesi, kijana mwenye sauti tunampa kiti cha mbele. Mungu angeweza kuwaumba kuku na alama tangu yai linapopasuka. Hakufanya hivyo, nami namshukuru, maana ametupa sababu ya kungoja.

Makaburini Mama Mapacha aliniambia kwa sauti ya chini, "Niliomba yai moja, Mwalimu, nikapewa miaka." Wapo wenzake waliowalilia waume zao bila kuwaona, kwa kuwa mwili haukutoka ardhini. Yeye alimfumba wake macho kwa mkono wake. Ewe msomaji, ukiwa na kitu au mtu ambaye hujamjua vizuri, usifanye haraka kumgawa. Mlishe kwanza.