Mkono wa Kushoto wa Mauwa

Kofi la kwanza lilimkuta Mauwa akiuliza swali dogo tu: kati ya visiwa vya Trinidad na Tobago, watu wanavuka kwa meli au kwa ndege? La pili lilimwangusha juu ya vumbi la mpingo. La tatu halikuwa kofi tena, lilikuwa teke.

Leonardi, mumewe, alikuwa na namna yake ya kupiga. Alipiga uso, mbavu, mgongo na mapaja. Mikono hakuigusa hata siku moja. Majirani wa Boko walizoea kumwona Mauwa dukani jicho limevimba na vidole vizima, wakasema angalau yule bwana ana kiasi. Kiasi gani! Mshenzi yule alikuwa anatunza chakula chake.

Maana aliyekuwa anachonga ni Mauwa. Alifundishwa na baba yake kule Newala, mzee asiyejaliwa mtoto wa kiume, aliyeziba masikio wenzake walipomwambia kwamba kwao kuchonga ni kazi ya wanaume, wanawake kazi yao ni kupiga msasa na kung'arisha. Leonardi naye aliwahi kuwa fundi, kabla pombe ya gongo haijamtia mtetemo mikononi. Tangu hapo mke alikaa nyuma ya uzio wa mabati, tezo la kuchongea katika mkono wa kushoto, na mume akakaa mbele barabarani kwenye kigoda, kajipaka vumbi la mpingo magotini. Mteja akitokea, Leonardi anakohoa mara mbili. Nyuma ya mabati tezo linanyamaza. Wakaishi hivyo miaka tisa.

Kisha mgeni mmoja akanunua kinyago cha mama aliyebeba watoto saba, akaondoka nacho, na baada ya miezi ikaja barua. Mwalimu Rosalia, jirani yao anayefundisha Kiingereza, ndiye aliyewasomea. Kulikuwa na tamasha la wachongaji, wiki mbili Trinidad na wiki moja Tobago, safari na malazi juu ya waandalizi, na bwana Leonardi aende akachonge mbele ya watu.

Mbele ya watu! Mtu mwenye akili timamu angeanza kutetemeka. Leonardi alishatetemeka zamani, kwa hiyo hakuona tabu.

"Nitasema bega linaniuma," alisema. "We chonga vinyago kumi, mie nitaenda navyo."

"Na mimi?"

"Wewe nani anakujua?"

Hilo lilimuuma Mauwa kuliko teke la siku ile aliyouliza habari za meli na ndege. Alitaka kusimama kando ya yule mama wa watoto saba, huko alikopelekwa, aseme ni wangu. Basi. Rosalia akamchorea visiwa vile viwili kwenye karatasi, kimoja kikubwa, kingine kidogo kimejitenga kaskazini, naye Mauwa akaibandika ndani ya mfuniko wa sanduku lake la nguo. Wanawake wale wawili wakapanga kwa siri safari ya Mauwa mwenyewe. Wakaomba pasipoti. Jumamosi moja Mauwa akaenda kuchomwa sindano ya homa ya manjano, akapewa kadi yake ya wasafiri, akaificha kwenye ndoo ya unga. Leonardi hajawahi kusonga ugali tangu azaliwe. Ndoo ile ilikuwa salama kuliko benki.

Lakini Jumapili Mauwa alichelewa sokoni, na njaa ikamfundisha bwana yule mapishi. Mauwa aliporudi alimkuta uani, unga hadi kwenye viwiko, kadi mkononi.

"Unaenda wapi, we mwanamke?"

"Tobago," alijibu Mauwa. Hata yeye hakujua jibu lile lilitokea wapi.

Leonardi aliokota kipande cha mpingo ambacho hakijachongwa. Mpingo ni mti mzito, ukitupwa majini unazama. Kilimpata Mauwa begani, kisha mbavuni, na kitu kikalia ndani yake kwa mlio mkavu. Damu ikamjaa mdomoni. Alitambaa hadi kwenye kigogo anachochongea, akajivuta, akapiga magoti. Halafu akauweka mkono wa kushoto juu ya kigogo, akalisukuma tezo kwa mumewe.

"Hapa hujapigaga," alisema. "Leo piga hapa."

Leonardi alilinyanyua tezo. Lilicheza hewani.

"Toa mkono, Mauwa."

"Piga. Halafu kesho kaa barabarani ukohoe."

Aliutazama ule mkono, akaogopa. Miaka tisa hakuwahi kuogopa jicho lake wala ubavu wake. "Utaniua kwa njaa," alisema, na tezo likamshuka hadi pajani.

Mauwa akampokonya. Kwa pumzi moja alikitazama kichwa cha mumewe, nami simlaumu. Kisha akatoka hadi barabarani, akakipasua kile kigoda vipande vipande, watu wakimtazama, damu ikimtiririka kidevuni. Akachukua patasi zake na sanduku, akaenda kwa Rosalia. Rosalia akampeleka polisi, na kutoka polisi hospitali.

Jumatano, mbavu zikiwa zimefungwa bendeji, alichonga mbele ya kamera ya simu ya Rosalia. Upande wa pili alikuwa mama mmoja mwandalizi wa tamasha, aliyekwisha kuandikiwa na Rosalia kwamba mchongaji siye yule waliyemwalika. Alitazama tezo likipanda na kushuka. Kisha akauliza kitu.

Rosalia akashusha sauti. "Anauliza huo uso umepatwa na nini. Niseme ulipata ajali ya bodaboda?"

"Hapana, mwalimu. Mwambie kuna mtu alinipiga miaka tisa. Mikono akaiacha mizima kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamlisha."

Rosalia alitafsiri neno kwa neno. Yule mama akajifuta macho, akavuta kalamu. Alitaka kujua jina la kwenye barua mpya ya mwaliko linaandikwaje.

Rosalia alifungua mdomo kujibu. Mauwa akamgusa goti kumzuia, akasogea karibu na simu, akalitaja mwenyewe, herufi moja moja.