Magauni Arobaini ya Tuwan

Nelima alizaliwa Kibabii, binti wa mwalimu ambaye hakumwachia shamba wala ng'ombe, ila kitabu kimoja cha Marx kilichopoteza jalada. Alikisoma mpaka kikalegea.

Kwa miaka sita alishona kwenye baraza la duka la Zaitun, karibu na msikiti mjini Kitale. Cherehani za Zaitun, kitambaa cha Zaitun. Miguu iliyokanyaga ilikuwa ya Nelima.

"Mama Naim," alizoea kusema huku akikata uzi kwa meno, "anayeshona ndiye anafaa kuwa mwenye cherehani. Huu ubepari utakwisha, usishangae."

"Ukwishe tu," Zaitun alikuwa akijibu, "lakini kwanza umalize hiyo kola."

Januari mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa. Watoto wakamiminika madarasani, na kila mtoto alitaka sare. Nelima na wenzake wawili wa barazani, Bilha na Chepkemei, walikuwa wamechanga kwa miaka miwili wakapata cherehani tatu kuukuu. Wakakodi chumba katika mtaa wa Tuwan. Sheria yao ilikuwa moja: hakuna bosi, na kila anayefanya kazi ana kura. Shule ya jirani ikawaagiza magauni arobaini, yawe tayari Jumapili jioni.

Zaitun, aliyemwita Nelima mwalimu kwa utani, alicheka. "Mkishindwa utarudi barazani kwangu, mwalimu, na hicho kitabu nitafungia wateja njugu."

Kosa alilifanya Nelima mwenyewe. Alikuwa amesoma kwamba mfanyakazi anayetengeneza kipande tu huwa mgeni kwa kazi yake. Kwa hiyo akaamuru, na kuamuru hakukuwa katika sheria yao, kila mmoja ashone gauni zima, toka kukata hadi kifungo cha mwisho. Bilha, bingwa wa pindo, akakata kitambaa kikaenda upande. Chepkemei, ambaye mikono ya gauni huishona upesi kama mchezo, akahangaika na vifungo. Jumamosi adhuhuri magauni yalikuwa kumi na manne.

"Si tugawane kazi kama kule kwa Mama Naim?" Bilha akauliza.

"Hiyo ni njia ya bepari."

"Ati bepari! Bepari alikuwa anamaliza, bana!"

Chepkemei akacheka mpaka akaangusha mkasi. Nelima hakucheka. Akilini aliwaona wasichana ishirini na sita wakisimama mstarini Jumatatu na nguo za nyumbani. Mtu anayependa kanuni yake kuliko watu aliowawekea kanuni hiyo anajipenda mwenyewe tu. Nelima alilijua hilo, na likamuuma.

"Tupige kura," akasema. Mikono mitatu ikapanda, wake ukiwa wa mwisho. Yeye akakata, Chepkemei akaunganisha, Bilha akapinda. Kazi ikaenda mbio. Lakini Jumapili alasiri vifungo bado vilikuwa lundo, na hapo ndipo Zaitun alipotokea mlangoni, amekuja kucheka.

Aliangalia lile lundo. Akavua bangili, akaketi juu ya gunia.

"Leteni sindano. Watoto wamekosa nini?"

Alishona vifungo kama mtu asiyesahau. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza, sokoni, kabla hajawa na duka. Jua halijazama, gauni la arobaini likatundikwa kwenye kamba.

"Sheria yenu ati anayefanya kazi anapiga kura?" Zaitun akauliza.

"Ndiyo, Mama Naim."

"Basi nami nina kura. Huyu mwalimu akubali kwamba kugawana kazi si dhambi."

"Nakubali," Nelima akasema. "Na wewe ukubali kwamba leo humu hapakuwa na bosi, na magauni yamekwisha."

Zaitun akayatazama yale magauni, yote arobaini. Polepole akainua mkono. Bilha akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

"Na hicho kitabu nipatie," Zaitun akasema akivaa bangili zake. "Si cha njugu. Nataka kuona kama huyo mzee aliandika lolote kuhusu vifungo."