Dobi wa Hospitali na Ngazi ya Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, mashine ya kwanza ya kufulia tayari inanguruma. Dobi wa hospitali, mama wa miaka hamsini na miwili, anachambua mashuka ya wodini akiwa na glavu ndefu: yenye damu huku, mengine kule. Kwenye mfuko wa aproni yake kuna kadi iliyofunikwa nailoni. Ni leseni yake ya uhubiri.

Kanisani kwao wahudumu wana ngazi tatu. Mwenye cheti huhubiri kwa ruhusa, tena katika kanisa lake tu. Mwenye leseni huhubiri popote, hufundisha na kuzika. Kubatiza na kufungisha ndoa ni kazi ya mchungaji aliyewekewa mikono. Dobi yuko kwenye ngazi hizo mwaka wa kumi na nne sasa, na ya pili ameipanda mara mbili.

Miaka minne iliyopita, mgonjwa aliyeambiwa hana siku nyingi alimwomba ambatize. Mchungaji alikuwa safarini, simu haipatikani. Kanisa lao humzamisha mtu mwili mzima, kwa hiyo beseni lisingefaa. Dobi akajaza sinki kubwa la kulowekea mablanketi, akachanganya maji ya moto na baridi, na nduguze mgonjwa wakamteremsha taratibu.

"Kosa langu ni kwamba alipona," anasema, na anacheka mpaka miwani inateleza.

Alipona kweli. Akaja kanisani kutoa ushuhuda, mrefu na wa furaha, akitaja mpaka sinki, siku ileile askofu alipokuja kutembelea. Wiki mbili baadaye dobi alinyang'anywa leseni na kurudishwa kwenye cheti. Iliuma, hafichi. Vijana aliowafundisha yeye mwenyewe walimpita wakawa wachungaji.

Leseni ilirudi mwaka jana. Akaomba kuwekewa mikono, na bodi ya kanisa, watu saba, ikamuuliza: yakitokea tena, utafanya nini? Akabaki kimya, faili likawekwa kando. Jumamosi hii anarudi mbele ya watu walewale saba.

Wenzake wamemshauri aseme amejuta, yaishe. Mwandishi huyu naye alikaribia kumshauri hivyohivyo.

"Utaratibu niliuvunja, na adhabu nimeitumikia bila kununa. Hilo nitalisema," anaeleza huku akikunja shuka. "Ila kumbatiza yule baba sijuti. Wanipe au waninyime, lakini wafanye hivyo wakijua."

Kinachomharakisha kiko nyumbani. Mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na mmoja ambaye zamani hakumtaka hata kidogo, sasa anataka kubatizwa, na hataki mwingine isipokuwa mkwe wake. Wachungaji watatu wamekuja. Bibi amewanywesha chai na kuagana nao. Wakati huohuo miguu imeanza kumgomea, na mwaka huu amelazwa mara mbili.

Mchana tunamkuta nyumbani, kitandani. Chini ya mto ameweka taulo jipya ambalo halijagusa maji. Anamshika mkwe wake mkono, anamwambia aende akaseme kweli, asiogope sura za watu.

Kisha anashusha sauti. "Wakikataa, mwanangu, lile sinki bado lipo?"

Dobi analisukuma taulo ndani zaidi chini ya mto.

"Lipo, mama," anajibu. "Lakini tuanze na Jumamosi."