Suruali ya Mvua Aliyoshona Baba

Baba yangu ni fundi cherehani, na tangu amwoe mama hajapenda kumwona kavaa nguo iliyoshonwa na mkono mwingine. Majirani huyaita mapenzi. Mimi nauita ukaidi.

Mama ni muuguzi wa majumbani. Huenda kwa baiskeli kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, akiwaogesha, akiwageuza, akiwabadilishia shuka. Msimu huu wa mvua alifika kwa bibi mmoja amelowa chepechepe, na alipomwinua, bibi wa watu akatetemeka kwa baridi ya nguo zake. Msimamizi akamwonya kwamba akifika hivyo tena atamkalisha ofisini. Mama anaipenda mno kazi ya nyumba kwa nyumba. Jioni hiyo alitusimulia yote.

Baba akalivalia njuga. Akatafuta kitambaa cha makoti ya mvua, akakata suruali ya kuvaa juu ya nguo, pana magotini ili mama apige pedali bila shida. Kila mshono akaupiga mara mbili, wa mapajani mara tatu, maana yeye na kazi nyepesi hawapatani. Mama akaijaribu mvuani, akarudi amelowa mistari mistari, pale pale penye mishono. Kitambaa hakikuwa na kosa. Sindano ndiyo iliyokitoboa, na kadiri baba alivyozidisha uimara ndivyo alivyozidisha matundu.

Akataka kuishona upya. Mama akasema ataivaa hivyo hivyo. Hapo damu ilinichemka, nikamwambia baba kwamba sifa zake hazitamkausha mtu. Alivaa viatu, akatuambia twende dukani.

Huko alimsumbua muuzaji mpaka nikaona haya. Kila suruali aliigeuza ndani nje, kisha akamketisha mama na kumwambia ainue goti, aone kama pindo litapanda na kuacha mguu wazi. Moja ilikuwa na utepe uliogandishwa juu ya kila mshono kwa ndani, ukiziba matundu ya sindano. Baba akaupitishia kidole taratibu, kutoka kiunoni hadi chini.

"Aliyeshona hii ananizidi," akasema. "Chukua, mke wangu."

Mama alimtazama, machozi yakimlengalenga. "Una hakika, baba watoto?"

"Siku zote nilitaka uvae kazi yangu. Sasa nataka ufike mkavu."

Mama akatoka dukani ameivaa, na nje jua lilikuwa linawaka.