Mkanda Ulioanikwa Pamoja na Mlenda

Studio za picha bado zipo Dodoma, ila ukimpelekea mtu mkanda wa kamera siku hizi anakuuliza kama huna simu. Kwa hiyo mikanda yangu naisafisha mwenyewe, bafuni kwangu Makole, nikisharudi kutoka ofisini Mtumba, taulo nimelisokomeza chini ya mlango mwanga usipenye. Wenzangu kazini wanaona nimekosa shughuli. Waone tu.

Adui yangu ni maji. Ya bomba huku yana chumvi, na yakikaukia kwenye mkanda yanaacha madoa. Ndiyo maana mara ya mwisho nausuuza kwa maji ya mvua, na maji ya mvua nyumbani yana mwenyewe: mama. Anayakinga kwenye pipa kwa ajili ya chai na maharage, kwani anadai maharage ya maji ya bomba hayaivi hata ukiyaombea.

Safari hii alinipa jagi zima bila kunung'unika. Dada yake, mama yangu mkubwa, alikuwa anahamia Mwanza kwa mwanawe, moja kwa moja, na wawili hao hawakuwa na picha hata moja wakiwa pamoja. Kila sherehe mmoja wao alikuwa jikoni. Picha ya simu mama mkubwa aliikataa. Simu yake iliwahi kuibwa sokoni, ikaondoka na picha za wajukuu wote. Alitaka ya mkanda, ya kushika mkononi. Nikawapiga picha uani, wamekumbatiana, wanacheka kwa sababu mbuzi wa jirani alikuwa anatafuna khanga kambani. Basi lake la Mwanza lilikuwa la kesho yake alfajiri.

Mkanda ulitoka safi kabisa. Nikautundika bafuni ukauke, nikafunga mlango, nikatoka kwenda kutafuta karatasi za kuchapia.

Niliporudi bafuni palikuwa patupu. Mama alikuwa ameingia kunawa, akakuta kitu kimelowa kinaning'inia gizani, akanionea huruma. Kwetu kilicholowa kinapelekwa juani. Niliukuta uani, umebanwa kambani juu ya mkeka aliokuwa ameanikia majani ya mlenda, upepo unaupeperusha na vumbi linaupiga kila upande.

"Kule ndani ungechelewa kukauka, mwanangu," alisema, ameridhika kabisa.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto, na ningefungua mdomo ningemkosea adabu mama yangu. Nikausuuza mkanda tena kwa maji yaliyobaki kwenye jagi. Vumbi jingi lilitoka, lakini jingine lilikuwa limeshagandia humo.

Jioni nikauweka kwenye skana. Wakatokea kwenye kompyuta, dada na mdogo wake, vinywa wazi kwa kicheko, na vidoa vyeupe vimewatapakaa kuanzia vilemba mpaka miguuni. Nilisikia uchungu kweli. Nikaanza kuvifuta kimoja kimoja. Mama mkubwa akaja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu, akaniuliza nafuta nini. Nikamwambia ni vumbi.

"La hapa uani?"

"La hapa hapa, mama."

Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta.

"Basi liache. Huko Mwanza nitalipata wapi?"

Mama, ambaye wiki nzima alikuwa anajikaza, alisikia akiwa mlangoni, akacheka kwanza, halafu akalia, halafu akacheka tena akisema kumbe amesaidia. Hasira yangu ikaishia hapo. Nikavirudisha hata vile vidoa nilivyokwisha kufuta, nikachapisha nakala mbili, kila mmoja na yake.

Ya mama iko sebuleni. Kila asubuhi anapitisha kitambaa kwenye kioo cha fremu, vumbi la nje linatoka, la ndani linabaki, naye anamwamkia dada yake shikamoo.