Alama za Ketaki na Dirisha Namba Nne

Kwa miaka ishirini na tisa Bhalchandra Joglekar alikaa dirisha namba nne la ofisi ya mitihani ya chuo kikuu, kule Maharashtra, kazi yake kugeuza alama. Mwanzoni aligeuza alama kuwa asilimia. Kisha kamati ya maprofesa ikakaa siku tatu, ikanywa chai nyingi, ikaona kuwa asilimia zinawatia vijana kihoro. Wapewe pointi, kumi ikiwa kileleni. Joglekar akageuza asilimia kuwa pointi. Mwaka haujaisha, waajiri wakalalamika kuwa pointi hawazielewi, wanataka asilimia. Kamati haikukubali kushindwa. Ikatoa waraka: chukua pointi, toa nusu pointi, zidisha kwa kumi, piga mhuri. Basi asubuhi Joglekar akawa anageuza asilimia kuwa pointi, na baada ya chakula cha mchana anageuza pointi kuwa asilimia.

“Baba Mrunal,” mkewe Sushama humwambia, “mimi nikipika mkate wa bhakri, halafu nikausaga nipate unga wangu, utasema nina wazimu. Wewe unafanya hivyo hivyo na unaitwa afisa.”

Joglekar hacheki. Ujanani mwake alipata asilimia hamsini na tisa nukta sita, na daraja la kwanza linaanzia sitini. Ualimu wa chuo ukampita hivihivi.

Mwezi Juni akaja dirishani Ketaki Waghmode, binti wa mkulima wa bizari ya manjano, mwenye pointi sita nukta nne za fizikia. Akapokea cheti chake, akakisoma, akakirudisha.

“Mzee, hiki kimekosewa.”

“Hakijakosewa. Sita nukta nne, toa nusu, mara kumi. Hamsini na tisa.”

“Lakini maabara ya maji ya serikali wanataka sitini! Imebaki moja tu, Mzee!”

“Hiyo moja ndiyo inayoua, binti. Ungepungukiwa kumi ungelala usingizi wako.”

Binti aliondoka dirishani. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, cheti mapajani, wala hakulia. Laiti angelia, pengine Joglekar angemzoea kama alivyowazoea wengine. Saa ya chakula ilipofika akafungua daftari kuu. Ketaki alifanya mitihani kumi: minne alipata sitini na tisa, sita alipata hamsini na nane. Mia sita ishirini na nne kwa elfu. Lakini pointi ziliipa sitini na tisa saba, sawa na sitini, na hamsini na nane sita, sawa na hamsini; waraka ukazirudisha kuwa sitini na tano na hamsini na tano. Msichana alistahili daraja la kwanza. Alilipoteza njiani, kwenye kugeuzwa.

Akapanda kwa Mkuu wa Mitihani, Dakta Nimbalkar.

“Haiwezekani, Joglekar. Alama ni siri.”

“Siri hata kwa mwenyewe, bwana?”

“Hasa kwa mwenyewe! Tulizificha kwa ajili ya afya yake.”

Joglekar akashuka, akamwita Ketaki dirishani, akateremsha sauti. “Kuna sheria ya haki ya kupata habari. Raia akiomba kwa barua, ofisi ina siku thelathini za kujibu. Andika, uombe alama zako.”

“Na atakayejibu ni nani?”

“Dirisha namba nne.”

Jibu lilitoka siku ya tatu, na mhuri wake: alama mia sita ishirini na nne kati ya elfu moja.

“Mbona hukuandika asilimia, Mzee?”

“Kwa asilimia nina kanuni moja tu, na hiyo umeshaiona. Gawanya mwenyewe kwa kumi. Si umesoma fizikia?”

Maabara waliipokea ile barua, na Ketaki akapata kazi. Alirudi na boksi la peda, vijipande vitamu vya maziwa. Joglekar, mwenye kisukari, akala viwili. Lakini habari ina miguu. Kufika sikukuu ya Diwali barua za kuomba alama zilikuwa elfu moja na mia moja, na zote zilijibiwa na mtu mmoja, aliyekula chakula chake cha mchana amesimama.

Nimbalkar akamwita, uso umemvimba. “Nani amewafundisha haya?”

“Sheria, bwana. Imebandikwa ukutani, hapo nyuma yako.”

Kamati ikakaa tena siku tatu. Ikaamua, kwa busara yake na bila kumtaja mtu, kwamba cheti kiwe na pointi, na alama zenyewe chini kabisa, kwa herufi ndogo mno, ili zisimtie mwanafunzi kihoro.

Aliyepeleka nakala kwa mpiga chapa ni Joglekar.

“Ndogo kiasi gani?” mpiga chapa akauliza.

Joglekar akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. “Weka ambazo mimi naweza kuzisoma bila hii.”