Keria mpya ya pickup ya Mzee, na jogoo wa kwenda Mautuma

Wakuu, habari za jioni. Mniazime masikio kidogo. Sitaongeza chumvi, na mwenye shaka aje kwangu Shieywe, hapa Kakamega, pickup inalala hapo nje.

Mimi nakodisha mahema na viti vya sherehe. Gari ninalotumia ni single cab kuukuu ya marehemu Mzee wangu. Juu ya paa ilikuwa na roof rack aliyoichomelea mwenyewe kwa mabomba ya maji. Sisi tuliiita keria tu. Ilikuwa nzito, imepinda upande mmoja, na gari likishika kasi inapiga mluzi.

Kutu ikaila miguu. Siku moja nimepakia vyuma vya hema, mguu mmoja ukakatika njiani. Nikajua basi, imestaafu.

Hapo ushamba wangu ukaanza. Nikaagiza keria ya aluminium, nyeusi, inang'aa. Picha ilinilevya, sikuangalia hata paa la gari langu lilivyo.

Kufika kwa Ambani, fundi wa kuchomelea hapa mjini, tunakuta ile kitu ni ya double cab za siku hizi zenye paa laini. Pickup yangu ni ya zamani, ina ule mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa. Keria yake inatakiwa iwe na clamp, vile vibano, za kuuma hapo kwenye mfereji.

Ambani akashika drill. "Nitoboe tu, boss? Silicone itaziba."

Nikamwambia aiweke chini! Mvua ya Kakamega mnaijua. Ningeendesha gari na koti la mvua ndani ya cabin. Nikairudisha dukani, nikabadilishiwa na ya chuma chepesi, inayouma mfereji. Hiyo ikakaa kama imezaliwa nayo. Nikaipeleka nyumbani Mama aione.

Sasa ngojeni niwaeleze kuhusu Mama.

Kwao ni Mautuma. Mzee akiwa hai, kila Desemba alitupeleka huko kwa Kukhu, yaani bibi yetu mzaa mama. Na kila safari, juu ya keria kulikuwa na tenga, na ndani ya tenga jogoo.

Nyuma nafasi ilikuwepo, lakini Mzee hakutaka kusikia. Alisema ingokho, yaani kuku, ya ukweni haifichwi katikati ya magunia. Lazima soko lote la Mautuma lione mkwe haji mikono mitupu! Alikuwa amechomelea pete mbili za chuma upande wa dereva, kazi yake ni kufungia tenga hilo peke yake.

Sisi watoto tulikaa nyuma juu ya magunia, manyoya yakitupepea usoni, tukibishana jogoo atawika wapi. Siku hizo nazitamani mpaka leo, wakuu.

Tangu tumzike Mzee, Mama hakukanyaga kwao. Nikimwambia twende ananijibu, "Nishuke kwa hiyo gari peke yangu, nimwambie mama nini?"

Na Kukhu ni mzee sana, macho yameisha. Kila akipigiwa simu anauliza binti yake atakuja lini. Niliogopa atatutoka kabla hawajaonana tena.

Basi Mama akalizunguka gari. Akaigusa keria mpya kwa kidole.

"Ni nzuri. Lakini babako alikuwa anafunganga tenga hapa. Wewe utafunga wapi?"

Nikashtuka, maana ilikuwa mara ya kwanza yeye mwenyewe kutaja safari ile.

Nikarudi kwa Ambani mbio. Keria ya Mzee, aliyoing'oa ili kufunga mpya, ilikuwa bado kwenye rundo lake la vyuma chakavu. Nikamwambia akate kile kipande chenye pete, akichomelee kwenye mpya.

"Boss, unaharibu kitu mpya na hii takataka?"

"Chomelea."

Akachomelea. Rangi nilikataa, pete zikabaki na kutu yake.

Mama alipoziona alizishika. Kisha akaingia jikoni, akatoka na tenga lile lile la zamani, limejaa masizi. Akalipangusa kwa leso.

"Jumamosi tunaenda," akasema.

Na ile keria mpya, niliyodhani haitakuwa na kelele, ikiwa na tenga la jogoo juu inapiga mluzi kama ile ya Mzee. Mama alicheka peke yake mpaka Mautuma. Sokoni watu waligeuka kutazama, naye akakaa wima, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa.

Tukaingia bomani, nikazima gari. Kukhu alikuwa amekaa mlangoni. Haoni, na hatukuwa tumemwambia tunakuja.

Jogoo akawika kutoka juu ya paa.

Kukhu akainua uso. Mazishi ya Mzee alihudhuria, hakuwa amesahau. Lakini akasema, "Huyo ni mukwe wangu amefika. Mutoleeni kiti."

Mama akashuka. Akapiga magoti, akamshika mikono.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndiye amenileta."

Wakuu, nililia wazi wazi, jogoo ananitazama.

Nilichojifunza: kabla hujanunua keria, kagua paa lako kama lina mfereji, na usikubali kutobolewa. Na kabla hujatupa ya zamani, waulize waliosafiri chini yake.

Mlioachiwa magari na wazazi, nyinyi mlibakiza kipande gani? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.